Divai Waliyoiita Bubu

Arlette Dupouy hana kawaida ya kusifu kitu mbele za watu. Ukimpelekea keki atakuambia sukari imezidi. Ukimwonyesha mtoto mchanga atakuuliza kama analala. Sisi wa kijiji cha Peyrolan tumemzoea, na wageni tunawaonya mapema. Ni mwanamke wa miaka sabini na miwili, mfupi, mwenye mabega mapana na viganja vyenye doa la zambarau lisilotoka hata akivisugua kwa ndimu. Pua yake ni habari nyingine. Marehemu baba yake, mzee Firmin, aliiamini pua hiyo kuliko karatasi yoyote ya maabara, na alikuwa akisema hivyo kwa sauti mbele ya watu wa maabara wenyewe.

Tangu akiwa na miaka kumi na minne, yeye ndiye aliyeshuka ghalani kila Jumatatu kujazia mapipa, maana pipa nalo hunywa, na usipolijazia divai huchachuka. Aliolewa na fundi wa matrekta kutoka Landes, mtu mwema ambaye hakugusa pombe maisha yake yote, jambo ambalo hapa kwetu lilizungumzwa kwa muda mrefu kuliko harusi yenyewe. Walipata mtoto mmoja, Thibault. Mume akafa, Arlette akamzika siku ya Ijumaa, na Jumatatu akashuka ghalani na birika lake la kujazia mapipa.

Kitu kimoja tu hatukuwa tukikitaja mbele yake, nacho ni jina la kaka yake. Walikuwa wawili tu kwa mzee Firmin, Edmond na Arlette, na kwa miaka ishirini na mmoja hawakusemezana. Si shamba lililowagombanisha, wala urithi. Ni chupa ya divai, na nitaeleza ilivyokuwa.

Enzi za mzee Firmin divai ya nyumba hiyo ilikuwa karibu Merlot tupu, zabibu laini, divai ya kunywewa mapema na kusahauliwa mapema. Mzee alipofariki mwaka 1998, kazi ya kuchanganya ikamwangukia Edmond. Naye alikuwa na mawazo yake. Mavuno ya mwaka 2001 alichukua Malbec, zabibu nyeusi kali, yote ya kipande cha juu, pale juu ya machimbo ya mawe, akaitia theluthi nzima, akaongeza Cabernet kidogo, na Merlot ikawa kama mgeni kwenye nyumba yake. "Hii si divai ya kunywa," alisema. "Ni divai ya kukaa." Arlette alinyamaza, na anayemjua anajua kwamba akinyamaza hajakubali.

Sasa, nyumba ya Dupouy ina desturi. Siku ya Mtakatifu Vinsenti, tarehe ishirini na mbili Januari, wakitoka misani, wanashuka ghalani na kufungua chupa moja ya kila mwaka wa mavuno uliobaki, kuangalia imefikia wapi. Wanaonja wamesimama, makoti mwilini, mara tu kizibo kinapotoka. Hakuna kuipeleka jikoni. Mzee Firmin alikuwa akisema kwamba divai ikifika jikoni hujipodoa, lakini ghalani utaikuta kama ilivyoamka. Ghala la zamani, kuta za mawe meupe, na upande wa pili wa ukuta zizi la ng'ombe.

Januari ya 2004 ndipo Edmond alipoifungua yake mbele za watu. Walikuwepo wanunuzi wawili kutoka Libourne, padri, majirani, na mimi nikiwa mmoja wao, vidole vimekufa ganzi. Tukaonja. Mungu anisamehe, sijawahi kutia kinywani kitu kama kile. Harufu hakuna kabisa. Na ukakasi! Ulimi ulikauka, ufizi ukakaza, mnunuzi mmoja akatema kwenye ndoo akasema anahisi amelamba soli ya kiatu.

"Ipandisheni jikoni ipate joto," Edmond alisema. "Halafu muipe miaka."

Arlette akaweka bilauri yake juu ya pipa. "Jikoni! Miaka arobaini baba ameonjea hapa, wewe unataka jiko likusaidie?" Kisha akageukia watu. "Jamani, kaka yangu amemzika baba mara ya pili, safari hii ndani ya pipa. Edmond, si bora ungeenda kuuza viatu? Angalau soli unazijua."

Watu walicheka. Nami nilicheka, na sikuona shida yoyote siku ile. Edmond alibeba makasha mawili ya divai ile, akayapakia kwenye gari lake dogo, akaondoka. Akahamia Blaye, kilomita kumi na nne tu, na huko, kwa kusudi kabisa tunavyoamini wengi wetu, akaomba kazi kwenye duka la viatu. Aliuza viatu miaka kumi na mmoja mpaka duka likafungwa, akabaki anaishi juu yake.

Divai ile tukaiita Bubu. Kila Januari Arlette alifungua chupa moja, kwa sababu desturi ni desturi, akaonja, akatema, akaandika neno moja au mawili kwenye daftari la kuonjea. Na nitasema ukweli hata akinuna: kila alipotema alipata raha kidogo moyoni. Kila mwaka Bubu alikuwa shahidi wake.

Mwaka huu walibaki wawili tu kushuka, yeye na Thibault. Majirani siku hizi tunaogopa ngazi. Thibault ana miaka arobaini na mitano, ndiye anayeendesha shamba, na alikuwa amechoka kuona chupa mia sita za Bubu zimemjazia kona nzima. Alikuwa ameshapatana na kiwanda cha siki. Lori lilikuwa lije kesho yake asubuhi.

"Onja basi, Mama, tumuage," alisema, akipuliza vidole. Pumzi zao zilionekana kama moshi.

Arlette alivua glavu moja, akainusa bilauri, akanywa kidogo, akaizungusha mdomoni, akatema.

"Vipi?"

"Vilevile. Bubu ni bubu."

"Basi kesho tunamzika."

"Mzike," Arlette alisema, akavaa glavu yake. "Lakini hii iliyofunguliwa nipe. Simwagi divai mimi, hata mbaya."

Akapanda nayo jikoni, akaiweka kwenye rafu ya kando ya jiko, akaisahau. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Jiko lilikuwa linawaka matawi makavu ya mizabibu, na juu yake supu ya maharage meupe, kabichi na mapaja ya bata ilikuwa inajipikia polepole. Ukiingia jikoni kwa Arlette mwezi wa Januari miwani inafunga ukungu.

Saa saba walikula. Supu ilipokaribia kwisha, Arlette alifanya kile tunachofanya sote upande huu wa mto Gironde, mabibi na mababu, ingawa vijana wanaona aibu mbele za wageni: aliacha mchuzi kidogo chini ya bakuli, akanyoosha mkono kwenye rafu, akamimina divai nyekundu juu ya mchuzi ule wa moto, ili alizungushe bakuli na kulinywa kwa mikono miwili. Chabrot, tunaiita.

"Mama! Unamtia Bubu kwenye supu ya bata?" Thibault alicheka. "Bata kakukosea nini?"

Bakuli lilikuwa limefika karibu na mdomo wa Arlette na mikono yake ikasimama hapohapo. Mvuke ulikuwa unampanda usoni. Alifumba macho, akafumbua, akaliangalia bakuli kana kwamba mtu amemwita kutoka ndani yake.

"Mama? Umeungua?"

Alilitua bakuli mezani kwa namna ambayo mchuzi ulimwagika kwenye kitambaa, naye ni mwanamke ambaye tone moja kwenye kitambaa humharibia siku. Akachukua bilauri safi. Akamimina kutoka kwenye ile chupa yenye joto. Akanusa, na divai kidogo ikamdondokea kifuani, yeye aliyejazia mapipa miaka hamsini na minane bila kumwaga.

Harufu ilikuwa imejaa. Plamu zilizokaushwa juani, maua ya urujuani baada ya mvua, tumbaku ya baba yake, mtoto wa meza wa mwerezi ambamo mama yake aliweka barua. Akanywa. Ule ukakasi aliokuwa akiutema miaka yote ulikuwepo bado, lakini umelainika kama shuka iliyofuliwa mara elfu, na nyuma yake ladha ilikuja, ikakaa, haikutaka kuondoka. Arlette alimeza. Hakuwa amewahi kuimeza.

"Umebadilisha chupa," alimwambia mwanawe. Sauti haikuwa yake.

"Nani, mimi?"

"Usinichezee, Thibault! Umebadilisha chupa!"

"Mama, sijaigusa. Soma kizibo." Akamsogezea. Kizibo kilikuwa na muhuri wa nyumba na mwaka 2001. Thibault mwenyewe akachukua bilauri, akaonja kwa uso wa mtu anayetegemea kukunja uso. Akaonja tena. "Loo," alisema. Kisha akasema neno ambalo sitaliandika. Kisha, "Nani kaitengeneza hii?"

"Mjomba wako."

"Hapana, niambie ukweli."

"Nimekwambia. Mjomba wako Edmond."

Arlette aliogopa. Ndiyo neno lenyewe, woga. Akamtuma Thibault ghalani alete chupa nyingine, akaifungua palepale, na kweli, ilikuwa baridi na haikusema kitu, Bubu yuleyule wa asubuhi. Akaiweka ndani ya sufuria ya maji ya vuguvugu, akavuta kiti, akakaa mbele yake akiilinda. Nusu saa. Thibault akataka kusema jambo, akaambiwa anyamaze. Alipoionja tena alikuwa ameshajua. Plamu, urujuani, tumbaku. Chupa ya pili ilikuwa inasema maneno yaleyale.

Msimfikirie mjinga. Hakuna mtu Peyrolan asiyejua kwamba divai baridi hujificha. Arlette mwenyewe huwakaripia watalii wafumbate bilauri kwa viganja kabla ya kunywa. Lakini siku ya Mtakatifu Vinsenti si kunywa, ni kuonja, na kuonja ni ghalani, umesimama, na koti. Nani angeanza kuihoji desturi ile kwa sababu ya Bubu?

Akaleta daftari. Akalifungua ukurasa wa 2001 na kusoma mwandiko wake mwenyewe, mistari ishirini na miwili, mmoja kila mwaka. Ngumu. Ngumu. Haina harufu. Ngumu. Bado. Bado. Haina kitu. Alipofika mwisho alirudi mwanzo. Thibault alimwona anaweka kidole juu ya mstari mmoja baada ya mwingine, kama anayetafuta mahali pa kusimama.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu lini nini, Mama?"

"Imekuwa nzuri tangu lini? Mwaka jana? Miaka mitano? Kumi? Nimekuwa nikitema nini mimi?"

Thibault alichukua simu, akatoka nje, akawaambia watu wa siki wasilete lori. Aliporudi mama yake alikuwa amevaa koti, ameificha chupa ya pili chini yake, imeegemea tumbo, na mikono yote miwili imeizunguka.

"Nipeleke Blaye," alisema.

Njiani hakusema chochote isipokuwa mara mbili, "Polepole kwenye kona." Thibault anasema hakuwa amewahi kumwona mama yake akiogopa mtu. Thibault mwenyewe aliogopa kwa sababu nyingine: kwamba mjomba angefungua mlango, angemwona dada yake, na angeufunga.

Duka la viatu lina pazia la bati lililoshuka. Kando yake mlango, na ngazi nyembamba. Arlette alipanda peke yake, akabisha kwa kiwiko kwa sababu hakutaka kuiachia chupa. Edmond akafungua. Miaka themanini, amekonda, sweta la buluu limetoboka kiwiko, na nyuma yake joto la chumba likatoka kumlaki dada yake usoni. Wakatazamana. Hakuna aliyesema habari za siku nyingi, maana siku zilikuwa nyingi mno.

"Nani kafa?" Edmond aliuliza.

"Hakuna aliyekufa."

"Basi umekuja kununua viatu. Umechelewa, tumefunga."

"Edmond." Alilifungua koti akamwonyesha chupa. Maneno aliyokuwa ameyapanga tangu Peyrolan yalimkimbia yote. "Ilipata joto," alisema. "Kwa bahati mbaya. Nilikuwa natia kwenye supu."

Edmond aliitazama chupa, akamtazama yeye, akasogea pembeni. Arlette akaingia lakini hakukaa. Alisimama katikati ya chumba na koti lake, kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Chumba kilikuwa na meza moja, viti viwili, jiko la kuni. Kwenye dirisha kulikuwa na gudulia la kioo lenye vizibo, na kila kizibo kimeandikwa mwaka kwa kalamu. Arlette hakuhitaji kuambiwa ni vya nini. Yale makasha mawili. Kimoja kila mwaka.

"Huwa nafungua mwezi wa Agosti," Edmond alisema, akifuata macho yake. "Dirisha wazi, asubuhi, nanywa jioni."

Alichukua bilauri mbili, akamimina. Akanusa yake kwa muda mrefu, akanywa, akatazama dari.

"Tangu lini?" Arlette aliuliza.

"Ilianza kufungua mdomo mwaka 2011. Kidogo. Mwaka 2016, ah." Akatikisa kichwa. "Mwaka 2016 nilikaa kwenye kiti hicho nikalia kama mtoto. Hicho ndicho kilikuwa kilele chake, dada. Ningekuwa na mtu wa kumwonjesha siku ile, ningemlipia hata nauli."

"Na sasa?"

"Sasa inashuka. Bado tamu. Ila inashuka."

Arlette aliitazama bilauri yake. Hilo hakuwa amelifikiria hata kidogo njia nzima. Alidhani amekuja na habari njema iliyochelewa, kumbe divai ilikuwa imefika, imesimama, imewasubiri ghalani, na imeanza safari ya kurudi, huku yeye akiandika "bado".

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ipandisheni jikoni. Mbele ya watu wote nilikuambia."

"Nilidhani unajitetea! Baba alionjea ghalani miaka arobaini..."

"Baba alikuwa na ng'ombe, Arlette."

Hakuelewa. Edmond aliweka bilauri chini, akaongea taratibu, kama alivyokuwa akimfundisha utotoni kufunga kamba za viatu.

"Ng'ombe sita nyuma ya ukuta, majira yote ya baridi. Umesahau? Tulikuwa tunaegemeza migongo pale tukiwa wadogo. Lile ghala lilikuwa na joto kama kitanda. Baba akafa, ukauza ng'ombe, ukabaki na desturi."

Arlette alikumbuka. Ukuta wa mawe meupe ulivyokuwa na uvuguvugu mgongoni mwake alipokuwa na miaka saba, na sauti ya ng'ombe wakicheua upande wa pili. Aliwauza yeye mwenyewe, mwaka 1999, kwa sababu ya harufu, na baada ya hapo kila Januari alishuka na glavu na hakuwahi kujiuliza kwa nini baba yake hakuwa na glavu.

"Nilikutukana mbele za watu," alisema.

"Ndiyo."

"Wakacheka."

"Walicheka sana."

"Nimekosa, Edmond. Nimekukosea na nimeikosea divai. Pua yangu hii, hata sijui niiweke wapi."

Edmond hakusema ameshasamehe. Si mtu wa hivyo, na miaka ishirini na mmoja si kitu cha kupangusa kwa kitambaa. Aliinua chupa, akaangalia kilichobaki kwenye mwanga wa dirisha, akaongeza bilauri ya dada yake mpaka juu, kinyume na adabu zote za waonjaji.

"Ziko ngapi?"

"Mia sita."

"Ina miaka mitatu hivi kabla haijachoka. Minne, tukiiheshimu." Akavuta kile kiti cha pili kutoka mezani, ambacho kilikuwa na vumbi, akakipangusa kwa kiwiko chake kilichotoboka. "Keti. Na lile koti livue, maana hapa ndani hatuonji hivyo."

Arlette alianza na vifungo vya juu. Vidole vilikuwa vinamsumbua, akashindwa na kifungo cha tatu, na kaka yake ikabidi amsaidie.